Kidonge chekundu cha mama mjamzito: safari yake mpaka Kailo

KAILO, Maniema. Siku ya kupimisha mimba, mama anatoka kwenye kituo cha afya na vitu vitatu: karte yake, maneno ya mkunga, na kifuko kidogo chenye vidonge vyekundu. Karte anaifunga ndani ya kitambaa. Maneno ya mkunga anayabeba kichwani. Lakini kile kifuko ndicho kinaleta mabishano kikifika nyumbani. Mama mkwe anauliza ni dawa ya ugonjwa gani, kwa kuwa mwanamke haumwi. Jirani anasema vidonge hivyo vinanenepesha mtoto tumboni, halafu kuzaa kunakuwa shida. Mwingine ananong'ona kwamba ni dawa ya kufunga uzazi. Baada ya siku mbili tumbo linasumbua, choo kinakuwa cheusi, na kifuko kinatupwa nyuma ya nyumba.

Anayetupa kifuko hicho si mjinga. Anakataa kitu ambacho hakuna aliyemweleza asili yake. Kidonge hicho kina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikutokea Ulaya. Ilitokea kwa wanawake maskini wa Bombay, kwa wavuvi na wakulima wa kisiwa cha Idjwi, kwa watoto wa Kasongo na wa Dodoma, kwa wajawazito wa Dar es Salaam, na kwa wazazi wa Pemba. Inafaa kuisimulia tangu mwanzo.

Kabla ya kidonge kulikuwa na chungu

Hakuna anayeweza kusema kwamba wazee wa Kailo hawakujua kulisha mama mwenye mimba. Mtafiti Mjapani Yuji Ankei aliishi na Wasongola mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1990 akachapisha kazi nzima kuhusu upishi wao. Aliandika pia juu ya masoko ya kubadilishana kando ya mto Lualaba, ambako wavuvi walileta samaki na watu wa msituni wakaleta ndizi na mihogo, bila franka hata moja kupita mkononi. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine alikikosa.

Masoko hayo yalikuwa pia duka la vitamini, hata kama hakuna aliyeyaita hivyo. Samaki analeta madini ya chuma ambayo mwili unayapokea kwa urahisi. Sombe na lengalenga zinaleta asidi foliki, ile vitamini ya majani. Mawese mekundu yana rangi ile kwa sababu yamejaa kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A. Katika vyakula vya dunia nzima ni vichache vinavyoyapita.

Lakini chungu hicho kinategemea amani. Oktoba 1998 mji wa Kindu ulianguka mikononi mwa RCD, na katika miaka iliyofuata mapigano kati ya RCD na Mai-Mai yalifunga barabara na kuwatoa watu mashambani. Mtu asiyeweza kufika shambani wala mtoni anabaki na bugali wa mihogo peke yake. Ni hali ileile inayojulikana leo na familia zilizokimbia Kabambare ama Kivu: wanakula, tumbo linajaa, lakini damu haipati inachohitaji. Mganga akiona mtoto amevimba miguu na nywele zimegeuka rangi, anajua ni bwaki. Upungufu wa vitamini na madini kwa mama mjamzito hauonekani wazi namna hiyo. Unajificha.

Wanawake wa viwanda vya Bombay

Wa kwanza kuufuata upungufu huo uliojificha alikuwa daktari mwanamke wa Uingereza, Lucy Wills. Alifika Bombay, nchini India, mwaka 1928. Huko wanawake waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walikuwa wanaishiwa damu wakati wa mimba, na wengi walikufa. Wills hakuanza na dawa. Alianza kwa kuuliza wanakula nini, na akaona kwamba walioishiwa damu zaidi walikuwa wale maskini, wenye chakula cha aina moja.

Baada ya majaribio kwa wanyama, aliwapa wagonjwa mchuzi mzito wa chachu, ule unaouzwa Uingereza kwa jina la Marmite na kupakwa kwenye mkate. Damu ilirudi haraka. Alitangaza matokeo yake mwaka 1931. Hakujua ndani ya chachu kuna kitu gani. Alijua tu kwamba kinaponya. Mwaka 1941, watafiti wa Marekani walisaga tani nne za mchicha wa Kizungu, wakapata kitu hicho kikiwa safi, na kukipa jina kutoka neno la Kilatini lenye maana ya jani. Ndiyo asidi foliki.

Ilipita miaka 50 nyingine kabla ya kazi yake kubwa zaidi kuthibitishwa. Jaribio lililosimamiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichukua wanawake 1,817 katika vituo 33 vya nchi saba. Wote walikuwa wamewahi kubeba mimba ya mtoto mwenye mgongo wazi ama kasoro ya ubongo ya aina hiyo. Matokeo yalitoka mwaka 1991: asidi foliki ilipunguza kasoro hizo kwa asilimia 72. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima wanawake wengine.

Hapo kuna jambo ambalo kila familia inapaswa kulishika. Mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 hivi za kwanza. Wakati huo mama wengi hawajui hata kama wana mimba. Anayekwenda kupimisha mimba kwa mara ya kwanza mwezi wa sita bado atafaidika na kidonge kwa ajili ya damu yake, lakini kwa mgongo wa mtoto amechelewa. Ndiyo maana wakunga wanasisitiza: mwezi ukikosekana, usingoje tumbo lionekane.

Chumvi, mihogo na kisiwa cha Idjwi

Sehemu ya pili ya historia hii iko kwetu, mashariki mwa Kongo. Katika ziwa Kivu kuna kisiwa cha Idjwi. Katika miaka ya 1960 waganga wa Ubelgiji, kati yao François Delange na André Ermans, walikuta huko watu wengi wenye uvimbe mkubwa wa shingo, na watoto waliozaliwa wakiwa wafupi, viziwi, wenye akili nzito. Watu wengine walisema ni laana ya ukoo. Vipimo vilionyesha kwamba mwili wao ulikosa madini ya ayodini.

Lakini kulikuwa na fumbo. Ayodini ilikosekana karibu kisiwa kizima, na bado uvimbe ulikuwa mwingi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Jibu lilitoka jikoni. Mihogo isiyotolewa sumu vizuri inaacha mwilini kitu kinachozuia ayodini kufanya kazi yake. Anayekula samaki na chumvi yenye ayodini anaweza kuhimili. Anayekula mihogo iliyolowekwa haraka haraka, bila kingine, anaumia mara mbili.

Kazi hiyo iliendelea Ubangi, kaskazini-magharibi mwa nchi, katika miaka ya 1970. Waganga waliwachoma wanawake wajawazito sindano ya mafuta yenye ayodini, kisha wakafuata watoto wao. Watoto wa mama waliopata ayodini walikua vizuri zaidi, mwilini na akilini. Ushahidi huo kutoka Idjwi na Ubangi, pamoja na ule wa nchi nyingine, ndio uliosukuma dunia kutia ayodini ndani ya chumvi ya kila siku. Leo mama wa Kailo anayenunua chumvi yenye ayodini sokoni, akaifunika vizuri isipigwe na jua na unyevu, anatumia dawa iliyogunduliwa kwa mateso ya watu wa nchi yake. Na anayeloweka mihogo siku za kutosha, akaianika vizuri, anatunza akili ya mtoto aliye tumboni.

Kasongo na Mvumi

Maniema yenyewe ina ukurasa wake. Katika miaka ya 1970, huko Kasongo, waganga wa Zaire na wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp walijenga mpango ambao baadaye ulifundishwa sehemu nyingi za dunia: vituo vidogo vya afya karibu na watu, vinavyopima wajawazito na watoto na kutibu magonjwa ya kawaida, na hospitali moja nyuma yao kwa mambo makubwa. Mawazo ya namna hiyo ndiyo yaliyozaa zoni za afya nchini. Leo Maniema ina zoni 18, na Kailo ni moja yao. Mama anayetumwa kutoka kituo cha kijiji mpaka hospitali kuu anapita njia iliyojaribiwa kwanza Kasongo.

Mwaka 1981 timu ya Kasongo ilitangaza katika gazeti la tiba la Lancet kwamba chanjo ya surua ilipunguza vifo vya watoto wadogo, lakini ikatoa pia onyo: mtoto aliyeokolewa na surua, kama bado ni dhaifu, anaweza kuchukuliwa na ugonjwa mwingine baadaye. Chanjo inafunga mlango mmoja. Nani atafunga mingine?

Sehemu ya jibu ilikuja mwaka 1987 kutoka hospitali ya Mvumi, Dodoma, Tanzania. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili. Kati ya 88 waliopewa vitamini A, walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa, walikufa 12. Mwaka uliotangulia, daktari Alfred Sommer alikuwa ameonyesha huko Aceh, Indonesia, kwamba vitamini A inapunguza vifo vya watoto hata pasipo surua. Ndiyo asili ya zile kapsuli zinazokatwa ncha na kudondoshwa mdomoni mwa mtoto wakati wa kampeni: ya buluu kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 11, nyekundu kwa mwenye mwaka mmoja mpaka miaka mitano.

Dar es Salaam: kile kinachofaa mtoto hakimfai mama siku zote

Baada ya ushindi huo, wengi walidhani vitamini A itawafaa wajawazito vilevile. Waliojibu swali hilo walikuwa wanawake wa Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1995, Chuo cha Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Wafaie Fawzi na Gernard Msamanga, waliandikisha zaidi ya wajawazito elfu moja wenye virusi vya ukimwi. Wengine walipewa vitamini A, wengine mchanganyiko wa vitamini B, C na E, wengine vyote viwili, na wengine kidonge kisicho na kitu.

Matokeo ya mwaka 1998 yalishangaza. Mchanganyiko ulipunguza mimba kuharibika na watoto kufia tumboni kwa asilimia 39, na watoto wenye uzito mdogo kwa asilimia 44. Vitamini A peke yake haikusaidia mimba hizo. Baadaye ilionekana hata kuongeza hatari ya mama kumwambukiza mtoto virusi. Tena, ilishajulikana kwamba vitamini A nyingi kupita kiasi mwanzoni mwa mimba inaweza kumharibu mtoto. Kwa hiyo kapsuli ya mtoto si ya mama mjamzito, hata kama imebaki moja na hata kama anayeigawa ni ndugu.

Jaribio la pili lilichukua wanawake 8,468 wa Dar es Salaam wasio na virusi. Mwaka 2007 matokeo yalisema: kwa waliopata mchanganyiko wa vitamini, watoto waliozaliwa na uzito chini ya kilo mbili na nusu walikuwa asilimia 7.8, kwa wengine asilimia 9.4. Tofauti ni ndogo, lakini katika watoto elfu moja ni karibu 16 wanaozaliwa na nguvu zaidi. Watafiti hawakusema vitamini zinatibu kila kitu. Vifo vya watoto tumboni havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Walisema ukweli wa vyote viwili, na hapo ndipo uaminifu wao unaonekana.

Onyo la Pemba

Historia hii ina kurasa za huzuni pia. Kisiwani Pemba, Zanzibar, ambako malaria ilikuwa kali, watoto wadogo walipewa kila siku madini ya chuma na asidi foliki, kwa tumaini la kuwaongezea damu. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa. Waliopewa chuma walikuwa wanalazwa ama kufa zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 12. Taarifa kamili ilitoka mwaka 2006. Chuma kinawalisha watoto, lakini kinaweza kuwapa nguvu wadudu wa malaria kama ugonjwa huo hauzuiwi wala hautibiwi.

Je, na wajawazito? Magharibi mwa Kenya, mahali pa malaria, wanawake 470 walijaribiwa, nusu wakipata chuma na nusu bila. Matokeo ya mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba chuma kiliongeza malaria kwa mama, na watoto wa waliopata chuma walikuwa wazito zaidi kwa gramu 150 hivi. Utafiti mwingine wa Kenya ulionyesha kwamba asidi foliki nyingi, miligramu 5, inapunguza nguvu ya Fansidar, ile dawa ya malaria wanayopewa wajawazito. Kiasi kidogo cha miligramu 0.4 hakileti shida hiyo. Ndiyo maana chandarua, Fansidar na kidonge chekundu vinakwenda pamoja, na kwa kipimo cha muuguzi, si cha soko.

Kinachobaki mkononi mwa mama

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikusanya mafunzo haya yote: mjamzito apate kila siku chuma miligramu 30 mpaka 60 na asidi foliki miligramu 0.4, na akutane na wahudumu wa afya mara nane. Mwaka 2021 kidonge chenye vitamini na madini 15 kiliingizwa katika orodha ya dawa za lazima za shirika hilo. Katika nchi yetu haja iko wazi: uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 uliwakuta wanawake 38 kati ya 100 na watoto wadogo 60 kati ya 100 wakiwa na upungufu wa damu.

Sasa yale maswali ya nyumbani yanaweza kujibiwa. Kidonge si dawa ya ugonjwa. Kinajaza kile ambacho chungu kimekosa. Hakifungi uzazi, ndani yake hamna dawa ya namna hiyo. Kuhusu mtoto kunenepa mpaka ashindwe kutoka, gramu 150 za Kenya ni kama uzito wa yai mbili ama tatu. Zinamtoa mtoto kwenye hatari, hazifungi njia ya kuzaa. Choo cheusi kinatokana na chuma ambacho mwili haukukichukua, si ishara ya sumu. Tumbo likisumbua, mama anaweza kumeza kidonge usiku baada ya chakula, na akishindwa kabisa arudi kwa muuguzi kabla ya kukitupa. Asikimeze na chai, kwa sababu chai inazuia chuma. Limau ama chungwa vinasaidia. Na vidonge viwekwe juu, mbali na watoto: mtoto mdogo akivimeza vingi kwa kuvidhania peremende, anaweza kufa.

Kwa mama aliyekimbia vita, karte ni mali sawa na nguo. Ikipotea njiani, asione haya kufika kwenye kituo kilicho karibu na kueleza mimba ina miezi mingapi, alishameza nini, na alichanjwa lini. Anaweza kuanza upya.

Na chungu kisisahauliwe. Mawese yasichomwe mpaka yawe meupe, maana rangi inayopotea ndiyo vitamini A. Sombe itwangwe na kuchemshwa vizuri ili sumu itoke, lakini kwa kuwa moto mrefu unaua asidi foliki, lengalenga ya kupikwa dakika chache iwe karibu nayo. Samaki, hata dagaa kidogo, apewe kwanza yule mwenye mimba, si baba peke yake. Wavuvi na wakulima wa Lualaba walijua kwamba hakuna upande unaojitosheleza. Kidonge na chungu navyo ni hivyo hivyo.